Puto la Jalia

Awindiri, Arua
10 Februari 2025

Kwa dada yangu Kaltumu,

Assalaam alaykum. Habari za Koboko, habari za shemeji Nasuru, habari za Nabila na shule yake? Goti lako linasemaje? Sisi hapa tuko wazima isipokuwa vumbi. Shemeji yako Tahiru anakusalimu sana.

Naandika kwa sababu simu yako ni ya nyumba nzima. Nikipiga, shemeji anaweka sauti juu na watoto wanajibu kabla yako. Jambo hili nataka ulisome peke yako. Swaibu jirani yangu, yule wa gari la Koboko, akikuletea bahasha hii pamoja na kitenge, funga mlango kwanza.

Dada, nimewekewa puto tumboni. Kweli, puto. Mwezi uliopita nilikwenda Kampala na Tahiru. Unajua sukari yangu ilivyopanda, na unajua mizani ya kliniki ilisema kilo mia na kumi na sita. Daktari alinilaza kwa sindano, akapitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni mpaka tumboni, akachunguza kila kona kuona kama pana kidonda. Alipoona pako safi ndipo akaingiza puto na kulijaza maji ya rangi ya buluu. Hakuna kisu, hakuna mshono. Nikiona mkojo umegeuka rangi, maana yake limevuja, nikimbie hospitali. Baada ya miezi sita wanalitoa kwa njia ile ile.

Siku tano za kwanza nilitapika hata mate yangu. Nilimwambia Tahiru, "Nirudishe walitoe." Siku ya sita nikatulia. Sasa nakula nusu mkate wa kisra na nashiba kama nimekula harusini. Daktari alinionya kwamba puto halifanyi kazi peke yake. Mwenye kilo mia kwa kawaida hupunguza kama kumi hivi, wengine zaidi, wengine hawapungui kitu, na likishatoka, asiyebadilisha chakula anarudi alikotoka. Mimi nimepunguza nne tayari.

Usikasirike kwamba sikukuambia kabla. Niliogopa ungenikataza.

Mdogo wako,
Jalia


Koboko
19 Februari 2025

Jalia,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima. Goti ni lile lile, Nasuru ni yule yule, Nabila anasoma. Kitenge nimekipata, lakini ni kidogo. Au sasa unapima watu wote kwa kiuno chako?

Wiki tatu! Wiki tatu ulikuwa na kitu tumboni, na mimi huku nawaambia watu Jalia ana malaria, kwa sababu ndivyo Tahiru alivyonidanganya kwenye simu. Nilikuombea kila swala. Nilikuwa naombea puto.

Ningekukataza? Labda. Labda pia ningesema twende wote. Hukunipa nafasi ya kuchagua. Tangu enzi za marehemu baba tunaitwa watoto wa Swadiki wanaojaza mlango. Tukiingia kwenye harusi wanaleta mkeka mmoja mkubwa, tunakaa bega kwa bega, wewe unapiga makofi na mimi naimba. Wembamba wakicheka, tunacheka zaidi. Nilidhani tuko pamoja katika jambo hili. Kumbe wewe ulikuwa unatafuta mlango wa kutokea.

Haya. Mungu akulinde na hayo maji ya buluu. Meza dawa zako.

Dada yako,
Kaltumu


Koboko
9 Aprili 2025

Jalia,

Salamu. Natumaini ulifika Arua salama baada ya harusi. Hapa afya ipo. Nimelala siku tatu, sikuumwa.

Nitasema yote, halafu nitanyamaza.

Nilikuwa naimba. Unajua wimbo ule wa bibi harusi, ule ambao watu wa Bombo hutuma gari kuja kunichukua niuimbe kwao. Nilikuwa katikati ya wimbo, ngoma ya doluka imepamba moto, midundo iko sawa. Ghafla wanawake wakaacha kuitikia. Nikafungua macho. Wote wamegeuka wanakutazama wewe, umejifunga gurubaba ya njano kiunoni, unacheza katikati ya duara. Bushira, mwenyeji wa harusi, akauliza kwa sauti, "Huyu iko mtoto ya nani?" Wakamjibu, "Si Jalia huyo!" Vigelegele vikapigwa. Wimbo wangu ukafia mdomoni, na hakuna aliyegundua kwamba umekufa.

Hata wewe hukugundua. Ulikuwa unacheka.

Tuliporudi nyumbani, Nasuru alikuwa anavua viatu. Akasema, kama mtu anayezungumza habari za mvua, "Jalia sasa iko mutu."

Nikamwuliza, "Na mimi?"

Akasema, "Wewe iko mama ya Nabila."

Miaka ishirini na moja nimempikia yule mwanaume. Sijawahi kumwonea wivu kwa mwanamke yeyote wa Koboko, na Koboko ina wanawake. Leo namwonea wivu kwa ajili ya mdogo wangu mwenyewe, tumbo moja. Usiku nakuona umesimama na gurubaba ile, natamani ichanike.

Sasa nimesema.

Kaltumu


Awindiri, Arua
20 Aprili 2025

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo. Vipi mvua? Hapa zimeanza, duka langu la vitenge linavuja upande mmoja. Sukari yangu imeshuka, daktari wa hapa amepunguza vidonge.

Barua yako nimeisoma nikalia, halafu nikakasirika, halafu nikalia tena. Shemeji Nasuru amekosa adabu na nitamwambia mbele ya Tahiru. Lakini mimi nimekosa nini? Kucheza? Watu walipokuwa wananishangilia, hukuona nilipotoka. Nilikula wali vijiko vitatu zaidi ya ninavyoruhusiwa, nikaenda kutapika nyuma ya jiko la Bushira, nimeshika ukuta, machozi yananitoka. Nikanawa uso, nikarudi kucheza. Nywele zangu pia zinakatika. Hayo hakuna anayeyapigia vigelegele.

Na nikwambie jambo, kwa kuwa wewe umesema yako. Tangu nina miaka kumi na mbili nakupigia wewe makofi. Kila harusi watu wanauliza, "Kaltumu amefika?" Hakuna aliyewahi kuuliza kama mimi nimefika. Siku ile, kwa saa moja tu, waliniona. Usininyime saa moja.

Mdogo wako,
Jalia


Koboko
2 Mei 2025

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Sote wazima. Nabila amekuwa wa nne darasani.

Nimefikiri sana. Nikiendelea kukukasirikia nitabaki hivi hivi, mnene na mwenye hasira. Kwa hiyo nakuomba, na unajua mimi siombi ovyo. Nipe jina la yule daktari wa Kampala na namba yake. Sukari yangu ni mbaya kuliko yako. Goti langu nalipeleka kwa vidonge vya maumivu asubuhi na jioni. Na mimi nataka kuwekewa.

Nataka sukari ishuke, ndiyo. Lakini sitakudanganya, nataka pia Nasuru anione. Nataka nikiimba wasigeuke.

Dada yako,
Kaltumu


Awindiri, Arua
15 Mei 2025

Dada,

Salamu. Tuko wazima, biashara imepoa kidogo.

Kadi ya daktari sijui niliiweka wapi. Nimetafuta kwenye makabati yote. Hata hivyo wewe una vidonda vya tumbo tangu ulipomzaa Nabila, na daktari alisema wazi kwamba watu wa vidonda hawawekewi. Angekukataa tu ungechoka kwa safari. Jaribu kupunguza mafuta na kutembea jioni. Tutaongea zaidi puto langu likishatolewa mwezi wa saba.

Msalimie Nabila, nimefurahi kwa nafasi yake.

Jalia


Koboko
24 Julai 2025

Kwa Jalia mwembamba,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na kwamba puto limetoka salama. Swaibu ameniambia umebaki kilo tisini na tisa. Hongera. Hukuniandikia miezi miwili, lakini hongera.

Na mimi nina habari. Na mimi ninalo.

Wiki ya tano leo. Kuna mtu amekodi vyumba viwili nyuma ya maduka kule mpakani, anajiita daktari. Ana mpira wa kamera kama wako. Alinipulizia dawa kooni, akaniambia meza, meza, meza, likaingia. Nilikuwa nje kabla ya saa sita mchana. Usiniulize nimelipa na nini. Wewe uliniambia watu wa vidonda wanakataliwa. Huyu hakunikataa, hata kuuliza hakuuliza.

Jalia, napungua! Kilo tisa. Gauni la kijani, lile la Idi ya mwaka juzi, limefunga. Nasuru aliniuliza kama naumwa, nikacheka. Mwezi wa tisa kuna harusi Arua, na mimi ndiye nimealikwa kuimba. Njoo ukae mkekani unipigie makofi kama zamani. Safari hii tuone watageuka kumtazama nani.

Swali moja dogo. Wewe ulipokuwa na lako, choo kilikuwa cheusi? Changu kina siku nne ni cheusi kama lami, na nikisimama kichwa kinazunguka. Yule mtu simu yake haipatikani. Nadhani ni mafuta yanayotoka. Vidonge vya goti naendelea navyo, maana goti halijui kama nina puto.

Dada yako, na mimi sasa mutu,
Kaltumu


Arua, hospitalini, kwenye veranda ya wodi
29 Julai 2025

Dada yangu,

Nabila atakusomea barua hii kama macho yako bado yana ukungu. Ameniambia umesema nisiingie, kwa hiyo siingii. Niko hapa nje tangu juzi. Uji ulioletwa asubuhi ni mimi niliupika, unywe hivyo hivyo.

Najua hukumbuki yote, nitakueleza. Swaibu alinipa barua yako Jumamosi dukani. Nilipanda gari saa tisa. Nilikukuta umekaa sakafuni jikoni umeegemea gunia, midomo imekuwa myeupe. Uliponiona ulisema, "Umekuja kupima kiuno?" Nasuru alikuwa msikitini, nikatuma mtu amwite. Tulipokuwa njiani kuja Arua ulitapika damu kwenye gauni la kijani. Nasuru alikushika kichwa njia nzima. Alikuwa anasema, "Kaltumu, usilale, imba, imba kitu." Na wewe ulijaribu, wallahi. Ulifungua mdomo.

Wamekuongezea damu chupa tatu. Daktari mwenye kamera aliingia akalikuta puto limelalia kidonda kikubwa, kinavuja. Ametoa puto, amekizuia kidonda. Amesema ungechelewa siku moja tungekuwa tunachimba kaburi. Kasema vidonda vile vya zamani na vidonge vya goti tayari ni hatari, na puto juu yake ni kama kukaa juu ya moto. Mtu yeyote aliyesomea kazi ile angekuuliza mambo hayo mawili kabla hujakaa kitini, angekuchungulia kwanza, na angekupa dawa ya kupunguza asidi kila siku. Mimi nilipewa zote.

Sasa sikiliza sehemu ambayo ndiyo imeniweka hapa nje.

Kadi haikupotea. Iko kwenye pochi yangu, ilikuwa pochini siku ile ninakuandikia kwamba nimeitafuta makabatini. Na daktari hakusema watu wa vidonda hawawekewi kabisa. Alisema kidonda kinatibiwa kwanza, kinakaguliwa tena kwa kamera, ndipo mnaongea. Wewe ulikuwa na njia salama na mimi niliizuia. Nilijua ukipungua na wewe, watu watarudi kuuliza kama Kaltumu amefika. Una sauti. Mimi nilikuwa na kiuno tu, na miezi sita tu ya kukionyesha. Sikutaka uwe na vyote viwili.

Kuna baya kuliko hilo. Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta kilo. Niliona tisa, nikahesabu wiki, nikaona unapungua haraka kuliko mimi, nikaikunja nikaendelea kumpimia mteja kitenge. Saa nzima nilikaa na barua ile nimevimba moyo. Ndipo nikaisoma tena ili niumie zaidi, na ndipo nikaona neno choo.

Saa nzima, dada. Daktari aliposema habari ya kuchelewa nilitaka ardhi inimeze.

Kadi nimeiweka ndani ya bahasha hii. Nitakaa hapa mpaka utakaponifukuza kwa mdomo wako mwenyewe.

Mdogo wako,
Jalia


Koboko
2 Novemba 2025

Jalia,

Assalaam alaykum. Natumaini wewe na Tahiru ni wazima. Mimi nimepona kiasi cha kuandika bila kupumzika katikati ya mstari. Nabila anakusalimu. Anasema anaipenda kazi ya uuguzi sasa, kwa sababu ya wale wasichana wa wodini.

Miezi mitatu sikukujibu. Ulikuja hapa mara mbili nikajifanya nimelala, na wewe ulijua, maana sijawahi kulala bila kukoroma. Nilikuwa sijui niseme nini. Kila nilipotaka kukulaani nilikumbuka kwamba uliikunjua barua ukaisoma tena. Kila nilipotaka kukusamehe nilikumbuka pochi. Kwa hiyo leo sikulaani wala sijamaliza kukusamehe. Naandika tu.

Yule mtu wa mpakani amehama. Nasuru alikwenda kumtafuta na ndugu zake wawili, wakakuta vyumba vitupu. Tumeripoti polisi. Walituambia mimi si wa kwanza.

Nasuru mwenyewe nimezungumza naye. Nilimwambia neno lake la siku ile ya harusi lilinipeleka kwenye kiti cha yule mtu wa mpakani. Akasema, "Mimi nilitaka kukuchokoza tu." Nikamwambia alinichokoza mpaka damu. Tangu siku hiyo anatembea na mimi kila jioni mpaka uwanja wa mpira na kurudi, na analalamika yeye kuliko mimi. Dawa za kidonda nimemaliza. Vidonge vya goti nimeacha, nimepewa vingine. Nimepungua kilo nne, na hizi ni za miguu yangu.

Nilimpigia daktari wa kwenye kadi yako. Ni mtu mpole. Aliuliza maswali nusu saa kabla ya kuniruhusu hata kuuliza la kwangu. Amesema kidonda kikaguliwe kwanza. Kama pamepona vizuri, kuna namna nyingine ya kushona tumbo kwa ndani, kupitia mdomo vile vile, na inaweza kunifaa kuliko puto. Amesema pia inaweza ikaonekana hainifai chochote, nibaki na dawa na kutembea, na nijiandae kusikia hivyo. Nimejiandaa. Nadhani.

Sasa nikwambie langu, maana wewe ulisema lako baya. Mwezi uliopita nilikuja Awindiri kwenye maziko ya mama yake Swaibu. Wewe hukuniona, ulikuwa unagawa chai. Nilikuangalia kwa nyuma. Umeanza kurudi, Jalia. Kilo tano, labda sita. Na mimi, mwanamke niliyetoka kaburini juzi, nimekaa kwenye msiba wa watu, nikasikia furaha. Nilishika kikombe kwa mikono miwili nisije nikatabasamu. Mungu anisamehe. Nilifika nyumbani nikalia, kwa sababu najua ulivyotapika kwa ajili ya kila kilo ile.

Basi mimi ndivyo nilivyo, na wewe ndivyo ulivyo. Nadhani tutaoneana wivu mpaka watuzike, na nadhani hata huko kila mmoja atauliza kaburi la mwenzake lina upana gani.

Jana nilikuwa kliniki ya sukari. Muuguzi alikuwa anajaza karatasi mpya. Akauliza jina, nikampa. Umri, nikapunguza mwaka mmoja. Kisha akauliza, "Ukipata shida, tumpigie nani?"

Nasuru alikuwa amesimama pembeni yangu, ameshatoa simu mfukoni asome namba yake.

Nikasema, "Andika Jalia, binti Swadiki. Mdogo wangu."

Nasuru akanitazama. "Jalia iko Arua," akasema. "Mimi iko hapa."

"Najua," nikamwambia. "Mwandike Jalia."

Dada yako,
Kaltumu